Sauti ya Kurudi

Mama,

Sauti iliyonibakia si ile ya kupanda. Ile ya kupanda kila mtu wa huku anaijua, hata mbwa wanaijua. Iliyonibakia mimi ni ya kushuka. Ukiondoa kidole kwenye kitufe, umeme unakatika, lakini gurudumu la ndani ya king'ora halisimami papo hapo. Linaendelea kuzunguka kwa mwendo wake lenyewe, likichoka kidogo kidogo, na mlio unateremka pamoja nalo mpaka unakuwa mngurumo, kisha pumzi, kisha kimya. Nilikuwa mdogo siku ile. Ulikuwa umenibana kichwa kwenye nyonga yako, sikio moja limezama katika leso, la pili umelifunika kwa kiganja. Mkono wako mwingine ulikuwa kwenye kitufe. Masikio yako mwenyewe uliyaacha wazi.

Uliliza sauti ya kurudi. Mlio mfupi, ukauacha ushuke. Mwingine, ukauacha ushuke. Kisha wa tatu. Maana yake hatari imepita, watu warudi bondeni. Kabla wa tatu haujamaliza kushuka, walikuwa wameshainua makapu yao. Mzee Athumani alipita mbele yetu, kofia imemkaa upande, akakupigia kelele huku akicheka: "Jumwa, umenipotezea siku nzima! Nikikuta ndizi zimeibwa, utanilisha wewe na huyo mumeo wa chuma!" Ukacheka. Kicheko chako nilikisikia kupitia nyonga.

Mzee Athumani hakurudi. Maji yalifika kabla ya magharibi, na yeye alikuwa chini kabisa, kwenye migomba.

Sikuwahi kukuuliza juu ya siku ile, na wewe hukuwahi kunisimulia. Leo nakuandikia kwa sababu niko pale pale. Nimekaa kwenye saruji ya chini ya mlingoti, ukingoni mwa uwanja wa shule, mgongo nimeuegemeza kwenye boksi la swichi. Karatasi hizi ni za insha. Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa, akaniuliza kama naandika ripoti, nikamwambia ndiyo. Nyuma yangu, kwenye baraza za madarasa, wamejaa watu wa bondeni na mbuzi wao na masufuria yao. Mbele yangu bonde lote liko tupu, linang'aa kwa jua. Mimi ndiye niliyewapandisha. Nimekiliza king'ora chako asubuhi, na maji hayajafika, na sasa wanataka niwalizie sauti ya kurudi.

Naandikia gotini. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Acha nikueleze yaliyopita tangu tulipokuzika. Baba Mkubwa Kahindi alisimamia kila kitu, kama inavyompasa kaka wa marehemu Baba. Jioni ya mazishi alikusanya vitu vyako: leso, kitabu cha nyimbo, miwani, jembe lako lenye mpini mfupi. Akaviweka kwenye lile sanduku la bati la buluu. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akautoa ufunguo wa king'ora kwenye msumari wake, akautia humo humo. Sanduku akalifunga kwa utepe wa kaniki, fundo juu ya fundo. "Vitu vya marehemu havishikwi mpaka matanga makubwa," akasema. "Kaka yako Charo akirudi kutoka Ghuba tutakaa, tutagawa."

Nilimwambia, Baba Mkubwa, ule ufunguo si wa Mama. Ni wa kijiji.

Walinitazama kama niliyetukana. Mama mmoja wa kanisani akauliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, king'ora cha nani kile, kama si cha Jumwa?"

Na ningemjibu nini? Waliokileta walisimamisha mlingoti, wakamwaga saruji, wakakuonyesha kitufe, wakapanda gari lao. Tangu hapo hakuna mkono mwingine uliokigusa. Wewe ndiye uliyepanda ngazi na fagio la chelewa kubomoa viota vya nyigu kinywani mwake. Wewe ndiye uliyekikohoza kila Jumamosi, mlio mdogo tu wa kujaribu, na wanawake wakajua ni saa ya kuinjika maharagwe. Huku hawasemi king'ora kimelia. Wanasema Jumwa amelia. Kwa hiyo ulipokufa, nacho kikafa, kikaingia sandukuni pamoja na leso zako. Hakuna aliyeona ajabu. Waliona ingekuwa aibu kikilia kwa mkono wa mtu mwingine na udongo wa kaburi lako bado mbichi. Heshima yenyewe ndiyo iliyokifunga mdomo.

Mvua zilikuwa bado. Nikauacha ufunguo, nikarudi Kilifi kwenye ofisi yangu na chumba changu. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nafua nguo uani. Nikajikuta nimesimama, blauzi inachuruzika mkononi, nasubiri. Jirani akaniuliza namsikiliza nani. Nilisema hakuna.

Unakumbuka nilipokuwa chuoni nikakuletea habari zake? Nilikuwa nimesoma kwamba aina ile ya king'ora ni ya zamani sana, ya enzi za vita vya Wazungu, na kwamba mpaka leo viwanda vya huko vinaitengeneza vile vile. Mota, na gurudumu lenye madirisha linalozunguka ndani ya pipa lenye madirisha, basi. Upepo unaingia, unakatwakatwa, unapiga yowe. Hakuna kompyuta ndani, hakuna sauti iliyorekodiwa. Nilifikiri utashangaa. Ulikuwa unachambua mchicha, hukuinua hata macho. Ukasema, "Anayejua kulia abadilishe sauti ya nini?"

Nilicheka sana. Leo asubuhi sikucheka.

Nilikuja juzi kukupalilia kaburi. Simu yako ninayo mimi. Ilikuwa mkobani mwangu tangu hospitali, ndiyo maana haikuingia sandukuni. Naichaji. Sijui kwa nini naichaji. Leo, chai ikiwa bado mezani, ikaita. Jina lilikuwa KWEKWE DARAJANI, kwa herufi kubwa kama ulivyozoea kuandika. Yule mama wa mkahawa wa kule juu mtoni, ambaye mmezungumza miaka yote hiyo bila kuonana uso kwa uso.

Hakusubiri salamu. "Jumwa, sikia. Ile nguzo ya rangi nyeupe siioni tena. Maji yameimeza, na yanakuja na miti mizima. Huku kumenyesha usiku kucha. Unanisikia? Mbona leo hunitoboi sikio na makelele yako?"

Nilikuwa nimeishika simu kwenye sikio la kushoto, kama wewe, sikio lako zima, maana la kulia king'ora kilishalila. Sijui mkono uliipelekaje huko.

"Shikamoo, mama," nikasema mwisho. "Ni Sidi, binti yake. Mama tumemzika."

Nilisikia vikombe huko kwake, na mtu akiitisha chapati. Kisha akasema, "Mungu wangu. Jumwa." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Basi nani atakiliza?"

Nilitoka nje. Jua lilikuwa la kuanikia samaki, hakuna wingu, hata upepo haukuwepo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mto huu hauna habari na mbingu zetu, kwamba mvua hunyesha kwa watu wengine, na maji huja kwetu kukiwa kukavu. Bonde lilikuwa limejaa watu. Mahindi yamefika magotini, kila mtu yuko kwenye palizi. Simu zao nyingi ziko dukani zinachajiwa, kama kawaida. Ulikuwa ukisema Kwekwe akiikosa nguzo nyeupe, sisi tuna mpaka alasiri, pengine jioni, na Mungu akipenda zaidi kidogo.

Nilimkuta Baba Mkubwa uani kwake anasokota kamba. Ana matikiti yake chini, unayajua. Yameiva, na lori la mnunuzi linakuja kesho. Nikamweleza. Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Jua hili?"

"Ni maji ya juu, Baba Mkubwa. Amepiga Kwekwe."

"Amempigia nani?"

"Amempigia Mama."

Akaacha kusokota. "Mwanangu," akasema, "mpigie chifu. Hiyo ndiyo kazi yake. Sanduku halifunguliwi." Na akaongeza polepole, si kwa kunitisha, kwa kunihurumia hasa: "Anayelifungua kabla ya wakati, koma humwita. Wewe bado mdogo, Sidi."

Chifu alikuwa mkutanoni Kilifi. Alinipokea kwa kunong'ona, akasema atauliza kwa wakubwa, nisubiri, nisitie watu hofu. Nikasubiri. Nilikaa kitandani kwako, simu mbili mapajani, yako na yangu, mbele ya sanduku la buluu. Chifu hakupiga.

Nimesoma, Mama. Umeuza nazi na mbuzi nisome. Nikiwa darasani niliandika kuhusu imani za watu wetu juu ya koma, wale waliotutangulia wanaorudi kudai, na niliandika vizuri, nikapewa alama nzuri. Lakini mkono wangu haukusoma. Ulipofika kwenye utepe wa kaniki ulikufa ganzi. Nilisubiri uniite. Nasema kweli, nilikaa pale nikasubiri sauti yako iseme Sidi. Kisha nikafikiri kwamba ukiniita utakuwa unaniuliza mbona nimekaa.

Nikafungua kwa meno.

Ufunguo ulikuwa umeingia katikati ya leso zako, na leso zina harufu yako bado. Hilo sikulitegemea. Nilikimbia navyo kifuani, si ufunguo tu, na leso moja pia, ile ya njano yenye korosho. Nimeivaa sasa.

King'ora hakikutaka. Nilibonyeza, kikagugumia kama mtu aliyeamshwa, na nyigu wakaanza kumwagika kinywani mwake, wengi, wakazunguka mlingoti. Nilidhani nimekiunguza. Niliendelea kubonyeza. Mgugumio ukapanda, ukakwaruza, kikatema udongo wa viota, halafu kikapata njia. Kikapanda, Mama. Kikapanda mpaka nikakisikia kwenye meno.

Chini watu walinyooka. Wote, kwa mara moja, majembe mkononi. Nilitegemea wabishane. Nilitegemea watazame jua kama Baba Mkubwa. Badala yake waliacha kila kitu na kukimbia, na sikuelewa kwa nini wanakimbia vile mpaka Bi Mwanahamisi alipofika juu, anahema, kiatu kimoja mkononi. Mjane wa Mzee Athumani, rafiki yako, ambaye umri wake sasa haumruhusu kukimbia. Alipoiona leso ya njano alisimama. Kisha akajishika kiuno.

"Loo! Kumbe ni wewe! Mimi nilijua ni Jumwa mwenyewe. Nikasema, mwanamke huyu hata huko aliko hataki kutuacha tupalilie!"

Watu wakacheka, na baadhi ya waliocheka walikuwa wanalia. Kila mmoja alifikiri ni wewe. Ndiyo maana walikimbia. Baba Mkubwa alikuwa na haki kwa upande huo: ni chako.

Hayo yalikuwa asubuhi.

Sasa adhuhuri imepita. Mto umepanda kidogo tu. Rangi imegeuka, imekuwa nyekundu ya udongo wa bara, na povu linapita katikati, lakini kingo ziko mahali pake. Kwekwe simpati. Nimepiga na kupiga. Yule mwanamke wa mashine ananiambia mteja hapatikani. Huenda minara ya kule imeanguka kwa mafuriko. Huenda simu yake imeisha moto. Kila ninalolishika lina pande mbili, na zote ni nzito.

Kwanza walikuwa wavumilivu. Walipika uji, watoto wakacheza mpira. Kisha vijana wakaanza. Kazungu, yule wa bodaboda, akanipigia kelele kutoka barazani, "Dada wa Kilifi, semina hii mbona haina chai?" Wakacheka. Mwingine akasema hata posho ya kikao hakuna. Mimi pia nilitabasamu, kwa sababu ni kweli, ilifanana na semina. Halafu vicheko vikaisha, na kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa cha adabu. Wamama walianza kuja mmoja mmoja. Sidi, mama, kuku wangu wamefungiwa. Sidi, nimeacha jembe la watu. Sidi, tazama mwenyewe, maji yako wapi? Hawagombi. Wananishika mkono wanapozungumza.

Na hakuna hata mmoja aliyeshuka! Njia iko wazi. Sina kamba, sina askari. Lakini hawashuki bila sauti. Umewazoesha hivyo, au wamejizoesha: mtu hapandi mpaka Jumwa alie, na harudi mpaka Jumwa aseme rudini.

Baba Mkubwa amekuja mwishoni. Ameketi kwenye saruji hapa kando yangu, hakunisalimu. Ameutazama ule utepe wa sanduku nilioufunga kwenye ufunguo, akatikisa kichwa.

"Umefungua sanduku. Hilo tutalizungumza na wazee, si leo," akasema. "Leo maliza ulichokianza. Walizie ya kurudi. Watu waokoe jasho lao kabla jua halijazama."

Hakusema matikiti yangu. Alisema jasho lao. Na alisema kwa huruma, Mama, na kila neno lilikuwa la busara, na wote nyuma yake walikuwa wanatikisa vichwa kuafiki, na jua lilikuwa linawaka, na mimi nikaona. Nikaiona siku ile yote, ambayo wewe hukunisimulia. Hakuna aliyekulazimisha. Miaka yote hii nimefikiri ulikosea hesabu ya maji, au uliamini hatari imepita. Hapana. Walikubembeleza. Watu uliowapenda walikuja mmoja mmoja, wakakushika mkono.

Bi Mwanahamisi alikuwa kwenye mkeka wake, anavuta tasbihi. Nilidhani hasikilizi.

"Kahindi," akasema, bila kuinua sauti, "maneno hayo nimeshayasikia. Hapa hapa. Na mume wangu alikuwa mmoja wa wasemaji."

Baba Mkubwa akainamisha macho. "Shemeji, ya zamani hayo."

"Kwako ya zamani." Akanigeukia. "Njoo hapa, wewe."

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Ananukia udi na moshi, kama siku zote. Akaniambia jambo ambalo labda ulitaka nisilijue, nisamehe kwa kulijua. Kwamba siku ya tatu baada ya kumzika Mzee Athumani ulikwenda kwake na ufunguo, ukautia mkononi mwake. Ukasema, nishikie, mimi sistahili tena. Na yeye akakwambia, "Nikushikie nini? Mimi hata taa nazimiwa na wajukuu." Akaukunja mkono wako juu ya ufunguo, akakurudisha nyumbani.

"Nikamwambia neno moja tu mamako," akasema. "Nikamwambia, wakija tena kukubembeleza, ziba masikio. Akasema hawezi. Akasema akiziba masikio hatajua wanapiga kelele za nini." Akauvuta mkono wangu, akautazama ufunguo kwa karibu, macho yake hayaoni vizuri. "Alikuwa na roho nyepesi, Jumwa. Wewe sijui umemfuata nani."

Hata mimi sijui, Mama. Nimerudi hapa kwenye boksi nikaandika kurasa hizi ili mikono iwe na kazi na watu waogope kunikatiza. Kila nikiinua kichwa, Baba Mkubwa ananitazama. Mara moja nimeona mgomba unapita katikati ya mto, umesimama wima, na majani yake yote, kana kwamba unatembea. Nikamwonyesha Kazungu. Akasema, "Mgomba mmoja, dada. Hata kwetu huanguka." Lakini hakurudi barazani. Amebaki amesimama ukingoni, anatazama maji, mikono nyuma.

Nina hofu. Sitaki kukudanganya. Naogopa maji yasije, na niwe kichekesho, na mara ya tatu au ya nne nikilia wabaki na majembe yao wakicheka. Naogopa maji yaje. Naogopa koma kidogo, bado. Na kuna hofu nyingine ambayo sikuitarajia: kwamba kubonyeza mara tatu ni rahisi mno. Kidole tu. Wangenishukuru wote, wangeniita mwana wa Jumwa, na jioni ningekunywa chai kwa Baba Mkubwa.

Nimeacha kuandika. Sasa nimerudi, nikueleze nilivyofanya, kwa sababu nimekwisha kufanya.

Nilisimama nikafungua boksi. Nilisikia nyuma yangu watu wakiinuka, mikeka ikikung'utwa, mtu akimwita mbuzi. Mama mmoja akasema, "Alhamdulillahi, amesikia." Walidhani nawalizia ya kurudi. Nikamwambia Baba Mkubwa kwanza, mbele yao, kwa heshima, kwa sababu yeye ni baba yangu pia. Nikasema: Charo akija, mkae, mgawe leso na jembe na masufuria, na faini ya sanduku nitaitoa, mtakayoamua wazee. Ufunguo hautakuwemo. Huu haurithiwi, hata na mimi. Ukining'inia, utaning'inia kwenye msumari ofisini kwa mwalimu mkuu, na wanawake wawili wa huku nitawafundisha kitufe na nyigu na Jumamosi, mpaka watu wazoee mkono usio wa Mama. Na leo hakuna sauti ya kurudi. Sijui maji yako wapi. Asiyejua hasemi rudini.

Alifungua kinywa. Nikakivuta kilemba cha leso yako mpaka juu ya masikio, nikakaza, nikabonyeza.

Si ile mifupi. Nimekiliza ile ndefu, ya hatari, upya, tangu mwanzo. Nimekishikilia mpaka boksi likawa na joto chini ya kiganja. Kupitia leso nilimwona Baba Mkubwa anasema, midomo inakwenda, na sikusikia hata neno moja. Nilimwona akigeuka, akitazama chini kwenye matikiti yake, kwa muda mrefu. Kisha akachukua kamba yake aliyokuja nayo akakaa kwenye mkeka wa Bi Mwanahamisi, upande wa miguuni, akaanza tena kusokota.

Pumzika, Mama. Siku ile nakuachia uiweke chini. Nimeiona yote, na upendo wangu kwako haujapungua. Mimi nakuahidi moja tu, kwamba hakuna atakayenibembeleza nilize sauti ya kurudi nisipojua maji yako wapi. Jumamosi nitakikohoza, maji yawe yamekuja au hayakuja.

Nilipoondoa kidole, kilianza kushuka. Nilifungua masikio nikisikilize, na sauti ilikuwa ile ile, taratibu, taratibu zaidi. Niligeuka kuwatazama. Hakuna aliyeinua kapu lake.

Sidi